Mababu Wameteka Sebule

Karatasi ilianzia kwenye swichi ya taa karibu na mlango, ikapita juu ya kochi, ikapinda kwenye kona, ikaishia nyuma ya televisheni. Ni ile karatasi ya kaki ya kufungia mizigo. Juu yake mavyaa wangu alikuwa ameandika ukoo mzima, wa mumewe na wa kwake, kwa kalamu za rangi: bluu wanaume, nyekundu wanawake, kijani wale ambao bado anawatilia shaka. Wa kijani walikuwa wachache mno. Mavyaa si mtu wa kuwashuku marehemu. Na kule mwisho kabisa, juu ya televisheni, alikaa mheshimiwa mmoja kutoka Hispania, ameandikwa kwa wino wa dhahabu na kuchorewa taji.

Tunakaa San Antonio, Texas, mji ulioanzishwa na Wahispania mwaka 1718, baadaye ukawa wa Meksiko, na hadi leo ukiita shangazi kwa Kihispania pale sokoni wanageuka wanawake kumi. Mimi ni mtu wa Tanga. Nilikuja huku kwa masomo ya uuguzi, nikaolewa na mwalimu wa hesabu ambaye babu yake alivukia Laredo akitokea Los Altos, nyanda za juu za jimbo la Jalisco. Magoti ya bavyaa yalipoanza kugoma, wakwe zangu wakahamia kwetu. Bavyaa alikuja na kiti chake cha kibarazani na redio ya kusikilizia besiboli. Mavyaa alikuja na mababu.

Na mababu wa Kimeksiko, niseme haki, wanapatikana. Kanisa Katoliki lilipoamua kwenye Mtaguso wa Trento, mwaka 1563, kwamba kila parokia iandike ndoa na ubatizo, maparoko wa Meksiko waliandika kwa bidii. Ukibahatika utamkuta bibi wa karne ya 17 na wazazi wake, wasimamizi wake wa ubatizo na kijiji alichotoka. Benito Juárez naye, alipotenganisha kanisa na serikali, akatoa sheria ya usajili wa raia tarehe 28 Julai 1859, na tangu hapo karani wa serikali akawa anaandika kile kile alichoandika padri, wakati mwingine kwa kubishana naye tarehe. Wamormoni wa Utah walianza kupiga picha vitabu hivyo miaka ya 1950, na leo picha zenyewe zinasomeka kwenye simu. Kuna hata sensa ya Meksiko ya mwaka 1930, nyumba kwa nyumba, ingawa karatasi za jiji la Mexico hazimo.

Matokeo yake nyumbani kwangu ni kwamba saa nane za usiku mtu anapiga kelele sebuleni, "Nimempata!" Mume wangu anaruka kitandani akidhani tumeingiliwa na mwizi. Kumbe aliyepatikana ni bibi wa bibi wa bibi, aliyefariki zamani na wala hakuwa na haraka ya kupatikana usiku ule.

Halafu ikaja klabu ya vitabu. Chanzo chake ni wifi yangu, anayefundisha historia sekondari. Alikuja Jumapili moja kula, akasimama mbele ya ukuta na sahani mkononi, akaanza kusoma. Akafika kwenye nyumba moja ambayo watoto wanne walikuwa wamezikwa ndani ya wiki chache.

"Mama, hawa walikufa na nini?"

"Walikufa tu. Zamani watoto walikuwa wanakufa."

"Tarehe unaziona? Ni 1833. Huu ni mwaka wa kipindupindu. Kilipita Meksiko nzima."

Mavyaa alirudi kwenye kitabu cha maziko, safari hii akasoma hadi mwisho wa mstari. Padri alikuwa ameandika sababu ya kifo, ugonjwa ule ule, ukurasa hadi ukurasa, mpaka mwandiko wake ukaanza kulegea. Jioni ile mavyaa hakuongea na mtu. Asubuhi alipotoka chumbani alikuwa ameshaamua: pataanzishwa klabu ya kusoma vitabu vya historia, kwa ajili ya watu wanaotafuta koo zao za Meksiko.

"Itakutania wapi, Mama?" nikauliza, ingawa moyo ulishajua.

"Mwanangu, kwani hii sebule ina kazi gani nyingine?"

Wakaja. Akaja dereva wa basi mstaafu mwenye miwani miwili shingoni, mmoja wa kusomea na mmoja wa kusomea maandishi ya mapadri. Akaja mjane anayetafuta asili yake kaskazini, kule Nuevo León, akiamini kwamba wazee wake walikuwa Wayahudi waliojificha ndani ya Ukatoliki. Si imani ya kuchekwa: Luis de Carvajal, mpwa wa gavana wa eneo lile, alichomwa mwaka 1596 kwa kushika dini ya Kiyahudi, na ndugu zake pamoja naye. Akaja mdogo wa mavyaa, ambaye ni mama mdogo kwetu na kwa mtaa mzima. Akaja shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, aliyefuata chakula. Viti vikaisha, tukatoa ndoo.

Mkutano wa kwanza ulikwisha kwa ugomvi wa jina la klabu, na hadi leo haina jina. Wa pili ulikwisha kwa ugomvi wa lugha. Wazee hawataki kusoma Kiingereza, wanasema historia yao haikutokea kwa Kiingereza. Vijana Kihispania chao ni cha kuagizia chakula na kuomba msamaha kwa bibi. Wifi akaamua kila mtu asome lugha anayoiweza.

Kitabu cha kwanza alikitaka mavyaa: *La Cristiada* cha Jean Meyer, Mfaransa aliyehamia Meksiko, akaandika habari za vita vya Cristero, vya Wakatoliki dhidi ya serikali. Los Altos ndiyo iliyokuwa kiini cha vita vile, kwa hiyo aliona ni kitabu cha nyumbani. Hakutuambia kwamba ni majuzuu matatu. Dereva alisoma la kwanza akalala, mjane alisoma la mwisho ili ajue nani alishinda. Mavyaa peke yake aliyasoma yote, na aliyasomea chooni, kwa kuwa ndiko anakopata utulivu. Nyumba yetu ina choo kimoja. Asubuhi tunapanga foleni mlangoni, mume wangu na makaratasi ya mitihani, mimi na sare ya hospitali, watoto wanaruka kwa mguu mmoja, na ndani sauti inasema, "Subirini, maaskofu wamesimamisha ibada!"

Hatukumaliza Meyer. Kikachaguliwa kitabu cha pili, na hapo ndipo klabu ilipopata roho: *Pueblo en vilo* cha Luis González y González, kilichotoka mwaka 1968. Mwanahistoria huyu alirudi kijijini kwake, San José de Gracia huko Michoacán, akaandika historia yake kama wengine wanavyoandika historia ya dola. Ni kijiji kilichoanzishwa mwaka 1888, kisicho na vita mashuhuri wala shujaa wa kuchongewa sanamu. Alipekua vitabu vya parokia, akawakalisha wazee chini wakasimulia, akaandika nani alinunua shamba la nani, mvua ilikosa lini, mapinduzi ya 1910 yalifika vipi, na jinsi kijiji kilivyochomwa moto na jeshi la serikali wakati wa vita vya Cristero. Mtu anayetafuta ukoo akikisoma anaanza kujiuliza maswali ambayo majina peke yake hayaulizi. Walikula nini? Kwa nini wote walihama mwaka ule? Yule aliyeandikwa msimamizi wa ubatizo wa watoto wa kila nyumba alikuwa nani, tajiri au jirani mwema?

Mavyaa alikipenda na kukinunia. "Si mbali sana na kwetu," alisema. "Angeendelea kidogo tu mbele."

Tatizo likawa kurasa. Kitabu hicho kilitafsiriwa Kiingereza na chuo kikuu cha Texas ndicho kilichokichapa mwaka 1974, kwa hiyo wazee wanasoma cha asili na vijana tafsiri, na hakuna ukurasa unaolingana. Mama mdogo akisema "fungueni mia moja na arubaini," nusu ya sebule iko kwenye mazishi na nusu iko kwenye bei ya maziwa. Katika mjadala mkali kuliko yote ya msimu ule, wa kama mhusika fulani alikuwa mwizi wa ng'ombe, ilikuja kugundulika kwamba pande mbili zilikuwa zinazungumzia watu wawili tofauti.

Hapo wifi akaleta sharti lililoiokoa klabu: kila mtu aje na karatasi moja ya ukoo wake inayohusiana na sura iliyosomwa. Kitabu na karatasi. Sikudhani ingefaa kitu, lakini ndiyo iliyobadilisha mikutano.

Dereva alileta faili la ndoa la mwishoni mwa miaka ya 1700. Bwana na bibi harusi walikuwa na undugu wa daraja la nne, jambo ambalo kanisa lilikataza, kwa hiyo iliwabidi waombe ruhusa kwa askofu. Padri alichora mti wa ukoo kwa wino, viduara na mistari, juu kabisa babu wa pamoja, ukishuka pande mbili hadi kwa wapenzi wale wawili. Chini akaandika sababu za kuomba: mahali ni padogo na karibu kila kijana ni ndugu, binti amevuka miaka 24, hana mahari ya kumvutia mgeni. Mashahidi wakaapa kwamba ni kweli binti hana kitu. Wanawake walicheka mpaka machozi. Nikawaambia kwetu pwani mtoto wa ami akimwoa binamu yake ni jambo la kupikiwa biriani, haombwi askofu wala nani. Wakanitazama kwa muda. Dereva akauliza hizo harusi zetu nazo zinaandikwa wapi, maana angependa kuona mti wake ungechorwaje bila kujifunga fundo.

Mjane yeye alileta sheria. Hispania ilipitisha mwaka 2015 sheria ya kuwapa uraia wazao wa Wayahudi waliofukuzwa mwaka 1492, na mlango wa maombi ukafungwa Oktoba 2019. Alikuwa amechelewa. Akasema hataki uraia, anataka kujua kwa nini bibi yake alikuwa akifagia nyumba kutoka mlangoni kuelekea katikati. Shemeji akasema labda alikuwa mvivu wa kufungua mlango. Nilimpa sambusa ili anyamaze.

Sasa nifike kwenye mwezi wa pili, maana ndio uliotuletea zimamoto.

Wameksiko tarehe 6 Januari hula mkate wa Mamajusi, mkate mkubwa wa mviringo uliofichwa ndani yake kidoli cha mtoto Yesu. Atakayekipata kwenye kipande chake ndiye atakayewalisha wenzake tamale tarehe 2 Februari, siku ya Kandelaria. Mume wangu alikipata. Akajaribu kukificha shavuni. Shemeji akamwona, akamfungulisha kinywa mbele ya watu, na deni likawa la nyumba yetu.

Tamale ni kazi. Mahindi huchemshwa kwa chokaa, yakasagwa, ule unga mbichi ukakandwa na mafuta mpaka donge dogo lielee kwenye glasi ya maji. Maganda makavu ya mahindi huloanishwa, ukapaka unga, ukaweka nyama kwenye mchuzi wa pilipili, ukakunja, ukapanga wima kwenye sufuria refu lenye kichanja chini, yaive kwa mvuke. Tulipika siku nzima. Mavyaa kabla ya kufunika alitumbukiza sarafu ya senti kwenye maji chini ya kichanja. Ndiyo kengele yao: maji yakichemka sarafu inacheza na kugongagonga chini ya sufuria, na ikinyamaza ujue maji yamekwisha, ongeza haraka. Jiko letu limetenganishwa na sebule kwa kaunta tu. Tk-tk-tk-tk, ikawa inatusindikiza.

Kitabu cha usiku ule kilikuwa *La población negra de México*, watu weusi wa Meksiko, alichochapa Gonzalo Aguirre Beltrán mwaka 1946. Huyu alikuwa daktari wa watu kutoka Veracruz aliyezama kwenye nyaraka za taifa, akatoka na habari ambazo nchi ilikuwa imezisahau: kwamba kwa muda mrefu wa ukoloni Waafrika waliokuwa Meksiko walikuwa wengi kuliko Wahispania waliotoka Ulaya. Watumwa waliteremshwa Veracruz, wengi wao wa Kongo, Angola na Afrika ya Magharibi, wakapelekwa migodini, kwenye mashamba ya miwa, kwenye ranchi za ng'ombe. Watoto wao wakaoana na kila mtu.

Wifi akafungua bahasha yake. "Karatasi yangu ni ubatizo kutoka Jalostotitlán," akasema. "Babu yetu, upande wa Mama. Padri ameandika *mulato libre*." Yaani chotara wa Kiafrika, asiye mtumwa.

Mavyaa akaweka kikombe chini. "Hiyo umeitoa wapi?"

"Kwenye droo yako, Mama."

Jina la babu huyo lilikuwa ukutani, kwa bluu, bila shaka yoyote. Yale maneno mawili ndiyo yaliyobaki kwenye droo.

Mama mdogo akawahi kusema, "Haiwezekani. Watu wa Los Altos ni Wahispania watupu. Kwetu hatujawahi kuwa na Mwafrika." Mimi nilikuwa nimesimama mbele yake na sinia. Alikuwa ameshika sambusa yangu, na magotini kwake amelala mwanangu wa mwisho. Dereva akakohoa. Mama mdogo akanitazama, akamtazama mtoto, akasema, "Zamani, nina maana."

Basi hapo sebule ikawaka, kabla ya jiko. Wifi anaeleza kwamba vitabu vya ubatizo vya kule vimejaa mamulato, kwamba parokia nyingi ziliweka daftari la Wahispania mbali na la watu wengine, na kwamba baada ya uhuru bunge lilipiga marufuku, tarehe 17 Septemba 1822, kuandika rangi ya mtu kwenye vitabu hivyo. Ndiyo maana ukitafuta Mwafrika kuanzia hapo humwoni. Hakufa, ameacha kuandikwa. Mama mdogo anasema babu yake alikuwa na macho ya bluu. Dereva anasema Vicente Guerrero, rais aliyefuta utumwa mwaka 1829, naye alikuwa na damu ya Kiafrika na jina lake liko kwenye mitaa. Shemeji anauliza kama hii ina maana yeye sasa anaweza kucheza ngoma vizuri zaidi. Mavyaa anamuuliza binti yake ni lini alianza kupekua droo za watu.

Na mimi, ambaye kwa kawaida hugawa chai na kunyamaza, nikaingia. Nikawaambia kuhusu merikebu za Manila, zilizokuwa zikivuka Pasifiki hadi Acapulco tangu 1565 hadi 1815. Wareno waliwapeleka watumwa Manila kutoka India, na kutoka Msumbiji pia, na wengine walipandishwa merikebu zile wakaishia Meksiko. Tatiana Seijas ameandika kitabu chao mwaka 2014. "Wachache," nikasema, "wengi walipitia Atlantiki. Lakini watu wa pwani yetu walifika huko. Kwa hiyo, Mama mdogo, sisi inawezekana tulifika kabla yako."

Kelele iliyofuata ilikuwa ya Kihispania, Kiingereza na kidogo ya Kitanga. Hakuna aliyegundua kwamba sarafu imenyamaza.

Moshi ulitoka mweusi, na harufu ya mahindi yaliyoungua ikachanganyika na ya pilipili, ile inayoshika koo na kukataa kuachia. King'ora cha moshi kikaanza kulia. Mume wangu akanyanyua mfuniko, mvuke ukamrudisha nyuma, kitambaa cha jikoni kikadondokea kwenye moto wa gesi kikashika. Nikazima gesi, nikakitupia kitambaa kwenye sinki. Jambo lilikuwa limekwisha. Lakini shemeji alikuwa ameshatoka uani, amefungua mpira wa bustani hadi mwisho, na anaelekeza maji kupitia dirisha la jikoni. Yalipita juu ya kaunta, yakampita dereva, yakagonga ukuta.

Mheshimiwa wa Hispania ndiye aliyeyeyuka kwanza. Wino wa dhahabu ulishuka juu ya televisheni ukafuatwa na taji lake. Bluu na nyekundu zikachanganyika zikawa zambarau, karne ya 18 ikateremkia nyuma ya kochi, na karatasi yote, kwa uzito wa maji, ikajibandua taratibu kutoka kwenye swichi hadi konani.

Zimamoto walifika haraka, maana jirani alishapiga simu. Kiongozi wao alikuwa kijana mrefu, jina la ukoo limeshonwa kifuani. Akakagua jiko, akalitoa sufuria nje, akaanza kutuambia habari za usalama. Mavyaa, amelowa, macho mekundu, alikuwa anasoma kifua chake.

"Kwenu wapi?"

"Hapa hapa San Antonio, mama."

"Hapo ndipo ulipozaliwa. Nakuuliza kwenu."

Kijana akakuna kichwa. "Bibi alikuwa akisema Zacatecas."

"Zacatecas ni jimbo zima. Parokia gani?"

Akasema yuko kazini. Mwezi uliofuata alirudi kwa nguo za kawaida, na cheti cha ndoa cha bibi yake kwenye mfuko wa plastiki. Ni mwanachama mzuri, anawahi na anakagua jiko akiingia.

Ukuta tuliupaka rangi upya. Mavyaa alinunua karatasi nyingine, na penseli. Wifi alitoa sharti, na safari hii mama yake hakubishana: hapandi mtu ukutani bila cheti kinachomfunga na mtoto wake. Walifanya kazi jioni baada ya jioni kwenye meza yangu ya kulia, sisi tukilia chakula magotini. Walipofika kwa mheshimiwa wa Hispania, kati yake na mtu wa mwisho mwenye cheti kulikuwa na vizazi viwili vitupu. Walichokuwa nacho kilikuwa jina la ukoo linalofanana, na matumaini. Mavyaa alikaa na ile nafasi tupu muda mrefu, kisha akaipita. Babu wa Jalostotitlán alipanda na maneno yake mawili chini ya jina, kwa mwandiko wa mavyaa mwenyewe, na hakutumia penseli.

Mama mdogo hakuja mkutano uliofuata. Baadaye alirudi, na tusijidanganye, kilichomrudisha ni sambusa.

Kulibaki pengo moja, la upande wa bavyaa. Baba yake alizaliwa Los Altos mwaka 1927, na cheti cha serikali kipo, lakini ubatizo haukuonekana. Mavyaa alishapekua mwaka ule na uliofuata katika parokia zote za jirani. Kwa familia ile, mtoto kukaa bila ubatizo ni jambo lisilofikirika. Ni dereva, aliyekuwa amerudi kwa unyonge kwenye juzuu la Meyer aliloliacha, ndiye aliyeuliza: "Mwaka 1927 ibada si ilikuwa imesimamishwa?"

Ilikuwa imesimamishwa. Sheria za Rais Calles za kulibana kanisa zilipoanza kutumika mwishoni mwa Julai 1926, maaskofu walisimamisha ibada makanisani, na haikurudi hadi mapatano ya Juni 1929. Katikati hapo mapadri walijificha mashambani, wakibatiza majumbani usiku, na vitabu vikifichwa. Mavyaa, aliyeyasomea haya yote chooni, alijipiga paji la uso. Wakaacha 1927, wakafungua kitabu cha baada ya mapatano. Huko kuna kurasa ambazo padri aliandika kwa mkupuo watoto wa miaka ile mitatu, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja na nyumba alikobatiziwa. Baba yake bavyaa alikuwemo, amebatizwa kwenye ranchi, wasimamizi wake ni jirani na mkewe.

Mavyaa akatoka mbio hadi kibarazani. "Baba yako alibatizwa ranchini! Nyumbani! Kwa siri!"

Bavyaa akapunguza redio. "Ndiyo. Jikoni. Bibi alikuwa akitusimulia kila Krismasi."

"Na miaka yote hii hukusema?"

"Hamkuniuliza. Mlikuwa mnasoma."

Tangu siku hiyo bavyaa ana kiti chake ndani, na kila mkutano unaanza naye kabla ya kitabu chochote kufunguliwa. Imebainika anajua mengi, likiwemo jina la mwizi wa ng'ombe halisi wa ukoo, ambaye mavyaa alikuwa amemwandika kama mfugaji.

Kitabu kinachofuata ni *Decade of Betrayal*, cha Francisco Balderrama na Raymond Rodríguez, kuhusu Wameksiko waliorudishwa kwa lazima miaka ya 1930, wengi wao wakiwa raia waliozaliwa Marekani. Nusu ya wanachama wana familia iliyokuwa Texas kwenye sensa ya 1930 na iliyozaa mtoto aliyefuata Meksiko, na hakuna aliyewahi kueleza kwa nini. Tutakutana kwa wifi, ambaye ana vyoo viwili. Nawe msomaji, kama umeolewa au umeoa katika ukoo wa Kimeksiko, karibu: njoo na karatasi moja na kiti chako, na kabla hujaja, kaa kwanza na mzee wa nyumba yenu umuulize. Waheshimiwa wa Hispania wasio na cheti waache huko huko.